Mifuko ya Wageni

Kabla sijaloweka, napekua.
Ndiyo sheria ya karo langu hapa Maweni:
mfuko kwanza, sabuni baadaye.
Miaka thelathini na moja nafua nguo za wageni wa Malindi,
na dunia nimeijua kwa mifuko.

Dola ya Marekani ilinipita siku moja, ikazama beseni.
Nilishika kichwa.
Nikaianika kwa kibanio kati ya soksi mbili,
ikakauka haina hata kasoro.
Baadaye nikaambiwa: si karatasi ile, ni pamba na kitani.
Aa! Kumbe nguo.
Kumbe siku zote watu wanauana kwa kitambaa,
na kitambaa ndiyo kazi yangu.

Ya Australia ni plastiki,
maji huiteleza kama jani la yungiyungi.
Lakini usiipitishe pasi.
Mimi niliipitisha. Ilijikunja ikawa kucha,
na ile kucha nikailipa kwa kufua wiki tatu bure;
hesabu hiyo sijui aliipiga nani.

Mjapani mmoja alisahau sarafu yenye tundu.
Nilicheka peke yangu karoni:
nyanya yangu Mbodze alizitunga senti za Mwingereza kiunoni,
tundu kwa tundu, akitembea zinasema.
Tulidhani tundu lile ni wizi,
serikali imekula katikati ikatuachia ukingo.

Na wale watoto wa ufukweni, kauri tatu kwa mia,
hawajui kama wanauza pesa kwa pesa.
Kauri zilipanda bara kwa mizigo ya wapagazi,
zikanunua ng'ombe huko Uganda, zikatoa mahari,
hata zikajaa mno, zikachokwa,
zikarudi kuwa magamba.

Halafu lira. Ah, lira!
Mji huu ulikula lira ukalala lira.
Sinyora Ornella aliacha koti, ndani ya bitana laki moja.
Nikaitunza. Chake ni chake.
Miaka kumi na mitano, akaja mwanawe, mvi kichwani,
nikampa koti limenyooka na noti yake juu.
Akacheka, kisha akalia.
Mama amekufa, akasema. Na lira imekufa:
elfu moja mia tisa thelathini na sita na ushei
ziliingia ndani ya yuro moja,
na dirisha la kubadilishia limefungwa.
Sikujua nimpe pole ya mama au ya lira.
Nikampa moja, aigawe mwenyewe.

Msiba wangu mimi ulikuja Septemba, elfu mbili kumi na tisa.
Noti kuukuu za elfu, mwisho tarehe thelathini,
redio ilitangaza hadi ikakauka koo.
Nami nilikuwa Marafa, namuuguza dada,
redio ya huko haina betri.
Kumi na nne nilizishona ndani ya mto. Za mabati.
Nikafika benki tarehe tatu Oktoba;
yule kijana alinitazama
kama mtu aliyeleta maiti hospitali.

Juzi Kache, mjukuu wangu, ananisomea kitabu cha shule:
kuna kisiwa, Yap, huko Pasifiki,
pesa yao ni mawe, mengine makubwa kuliko gurudumu la trekta.
Jiwe moja lilizama zamani, wako njiani nalo.
Hakuna aliyeliona tena.
Lakini mwenyewe akabaki tajiri, na wanawe matajiri,
kwa kuwa jirani walikubali: lipo.

Usiku ule sikulala.
Jiwe chini ya bahari linahesabika,
na elfu zangu, kavu, safi, chini ya shavu langu,
hazipati kiberiti.
Nilitaka niwagongee: Mama Rukia, Baba Tsuma,
amkeni, njooni tukubaliane.

Mto ule bado naulalia.
Leo mifukoni: mchanga, risiti ya samaki, kifungo.
Kifungo nimekitia kwenye kopo la sarafu.
Kina matundu manne.